Mvua ya Mungu, bati la nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ada za vibali vya ujenzi na maji ya mvua mjini Kigoma

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nipo Mwanga, na kila Oktoba mawingu yakianza kujikusanya upande wa Kongo watu hunijia na maswali yaleyale: kwa nini kibali kinalipiwa, kwa nini kuna maneno ya kupandisha, na hiyo habari ya kulipia maji ya mvua imetoka wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye kijiwe cha kahawa, ndiyo nikaandika.

Huu si ukurasa wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na hakuna kiwango kipya kinachotangazwa hapa. Shilingi zote utakazoziona kwenye hesabu zangu ni za mfano. Viwango halisi vimo kwenye sheria ndogo za halmashauri, na una haki ya kwenda kuvisoma.

Kodi, ushuru, ada, tozo. Si zote ni kutoa hela tu?

Mfukoni zinafanana. Kwenye sheria hazifanani.

Kodi unalipa kwa sababu wewe ni raia wa nchi, una kipato au una mali. Haikuahidi kitu chochote mahususi. Ada ni malipo ya kazi uliyofanyiwa: mtu alisoma ramani yako, mtu alifika kiwanjani, mtu aliweka saini. Kwa hiyo ukilipa ada unaweza kuuliza swali ambalo mlipa kodi halimwendei vizuri: "Kazi yenyewe iko wapi, na iligharimu kiasi gani?"

Wazee wa Ujiji hawajasahau kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Marehemu baba alihifadhi stakabadhi zake zote ndani ya kopo la majani ya chai, maana ukikutwa na mgambo bila stakabadhi ulijua utakapolala. Watu waliolelewa hivyo ukiwaambia "ada mpya" wanasikia kodi ya kichwa imerudi kwa mlango wa uani. Siwalaumu. Ndiyo maana naona halmashauri yoyote inayotaka kugusa ada ianze na hesabu mezani, mgambo hana nafasi hapo.

Mvua ni ya Mungu. Mtu anaitozaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na anayeuliza ana haki ya kucheka.

Mvua haitozwi. Kinachoangaliwa ni bati, zege na lami. Mvua ikiangukia shamba la mihogo, sehemu kubwa inazama. Ikiangukia bati, haina pa kuzama, inatafuta njia. Na Kigoma njia ni moja tu: chini, ziwani.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua bati la mita za mraba 120, nyumba ya kawaida kabisa. Ikinyesha mvua ya milimita 40, zinashuka lita 4,800, yaani mapipa 24 ya lita 200. Sasa panga nyumba 30 za namna hiyo kwenye mteremko mmoja. Ni mapipa 720, yote yana haraka, na njia yao ni uchochoro wa mita moja na nusu uliopo kati ya ukuta wangu na wa kwako.

Mji huu ulianza chini, bandarini na stesheni, reli ya kati ilipofika mwaka 1914. Ukapanda mlima baadaye. Kila nyumba iliyoongezwa juu imeongeza maji kwa walioko chini, na hakuna aliyeandikishwa mahali popote kwamba ameyaongeza. Simama Barabara ya Lumumba baada ya mvua kubwa utazame mchanga uliolala ng'ambo mpaka ng'ambo. Ule mchanga ni kiwanja cha mtu.

Kwa hiyo ada ya maji ya mvua, pale inapotozwa duniani, ni ada ya kuyapitisha maji uliyoyazuia yasizame: kuchimba mtaro, kujenga kalavati, kuzoa mchanga, kuziba korongo kabla halijala nyumba. Katika miji yetu kuitoza peke yake si jambo lililozoeleka. Gharama yenyewe ipo hata hivyo, na mtu anailipa. Mara nyingi ni yule anayeamka usiku kuchota maji sebuleni.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU haitoshi?

Ile ni kodi, si ada. Tangu mwaka 2021 inakatwa unaponunua umeme, kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida na kingine kwa ghorofa. Haiulizi paa lako lina ukubwa gani, wala kama uwani umepanda migomba au umemwaga zege lote. Kama kodi ni rahisi kukusanya, nalisifu hilo. Kama kipimo cha maji haitufai.

Kibali cha ujenzi ni muhuri tu. Muhuri unagharimu nini?

Muhuri ni sekunde mbili. Kabla ya muhuri kuna safari.

Maombi, ambayo siku hizi huingizwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa uitwao TAUSI, yanapita kwa watu kadhaa. Afisa mipango miji anaangalia kama kiwanja ni cha makazi kweli na kama umeacha nafasi ya kutosha kutoka mpakani. Mhandisi anasoma nguzo na mihimili, hasa ukijenga ghorofa. Afisa afya anatazama karo la choo liko umbali gani na kisima cha jirani. Mtu wa ardhi anahakiki kwamba kiwanja ni chako. Kisha inatakiwa mtu afike kiwanjani, tena si mara moja: kabla ya msingi, msingi ukishachimbwa, jengo likifika usawa wa linta, likiezekwa.

Tuchukue mfano. Sema kazi zote za mezani kwa nyumba moja zinakula saa 9, na saa moja ya mtumishi ukijumlisha mshahara, ofisi, umeme na kompyuta inagharimu Sh 12,000. Hapo ni Sh 108,000. Safari 4 za kiwanjani kwa Sh 8,000 kila moja ni Sh 32,000. Karatasi, mfumo na kumbukumbu, Sh 10,000. Jumla Sh 150,000. Kama mwombaji analipa Sh 60,000, zile Sh 90,000 hazikuyeyuka. Zimetoka kwenye mfuko wa jumla wa halmashauri, na kwenye mfuko huo mmo ushuru wa mama anayeuza migebuka na wa kijana anayepanga madumu ya mawese sokoni. Vibali 200 kwa mwaka, na mama wa migebuka pamoja na wenzake wamewachangia wajenzi Sh 18,000,000.

Mama huyo hajengi. Amepanga chumba.

Wakati mwingine inatokea kinyume: mwombaji analipa ada ya safari 4, na hakuna safari hata moja iliyofanyika. Niliwahi kuchora nyumba katika mji mwingine, sitautaja, ambako mkaguzi aliikagua kwa simu. Alimwuliza fundi, "Msingi uko sawa?" Fundi akajibu uko sawa. Ada ya namna hiyo hata ikiwa Sh 5,000 ni ghali, na kuipandisha kabla ya kurekebisha ukaguzi ni kuwakasirisha watu bure.

Kwa nini ada zipande ghafla baada ya miaka mingi?

Kwa sababu hazikuguswa miaka yote hiyo. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka 10 kitu cha Sh 100,000 kimefika karibu Sh 148,000. Ada iliyoandikwa Sh 50,000 kwenye sheria ndogo inabaki Sh 50,000, lakini kwa nguvu yake ya kununua imeshuka mpaka kama Sh 33,800. Mafuta ya gari la ukaguzi hayakuisubiri. Halafu siku moja halmashauri inazinduka, inaipandisha mara tatu kwa mkupuo, na mji mzima unapiga kelele.

Kuna halmashauri za nje zinazopanga ada ziguswe kidogo kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei, na hesabu kubwa ya gharama ifanywe upya kila baada ya miaka michache. Naiona njia hiyo ni ya kiungwana zaidi. Mtu anayejenga taratibu, tofali kwa tofali, anaweza kupanga.

Basi kila ada irudishe gharama yote, asilimia mia?

Hapana, na hapa natofautiana na wahasibu.

Ada ya kibali cha nyumba ndogo ikizidi uwezo, watu hawaachi kujenga. Wanajenga Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, wakati hakuna ofisi, na Jumatatu ukipita ukuta uko usawa wa madirisha. Umekosa ada, umekosa ramani, na hujui karo lao lilipo. Kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu ni afadhali halmashauri ikubali kubeba sehemu ya gharama, ikijua wazi inabeba kiasi gani.

Kwa kituo cha mafuta, ghorofa la biashara, godauni au mnara wa simu sioni sababu ya kuwabebea hata senti. Hao wana mahesabu yao, ada ni punje kwenye bajeti yao, na ukaguzi wao ndio unaokula siku nzima.

Kikomo cha juu nacho kiwepo. Ada ikizidi gharama ya huduma, imegeuka kodi iliyovaa kanzu ya ada. Wapiga kura wa California waliliona hilo wakaliandika kwenye katiba ya jimbo lao mwaka 1996 na tena 2010: ada ya huduma isizidi gharama ya kuitoa huduma hiyo. Kwetu tangu 2018 Serikali ina mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, ambao umefuta au kupunguza tozo nyingi zilizokuwa kero. Kwa hiyo halmashauri inayokwenda Wizarani na ada isiyo na hesabu nyuma yake isitarajie kupokewa kwa shangwe.

Maji ya mvua ya nyumba yangu yatapimwaje? Mtaweka mita kwenye bati?

Hakuna mita. Miji mingi inayotoza ada hii inapima eneo lililofunikwa: paa, zege, lami, vitofali vya pevingi. Wanachukua nyumba ya wastani, tuseme mita za mraba 150 zilizofunikwa, wanaiita kizio kimoja. Nyumba za kawaida zote zinalipa kizio kimoja bila kupimana sentimita, maana kupima kila uwanja kungegharimu kuliko ada yenyewe. Wakubwa ndio wanaopimwa. Godauni lenye uwanja wa zege wa mita za mraba 3,000 ni vizio 20. Picha ya angani inatosha, na picha haiombi soda.

Mji wa Bellevue, jimbo la Washington nchini Marekani, ulianzisha idara ya maji ya mvua inayoendeshwa kwa ada tangu mwaka 1974, kwa hiyo wazo hili si geni. Philadelphia walikuwa wakikadiria ada kwa ukubwa wa mita ya maji safi. Matokeo yake, maegesho makubwa ya magari, lami tupu isiyo na bomba hata moja, yalikuwa hayalipi chochote, na hospitali yenye mita kubwa inabeba mzigo. Kuanzia 2010 walihamisha kipimo kwenda kwenye ukubwa wa kiwanja na eneo lililofunikwa. Wenye maegesho walilalama sana.

Maryland nako kuna funzo lake. Sheria ya mwaka 2012 ililazimisha miji na wilaya kubwa za jimbo hilo kutoza ada ya maji ya mvua ili kuiokoa ghuba ya Chesapeake. Wapinzani wakaibatiza jina "kodi ya mvua". Jina likawa tamu kuliko maelezo yote ya wataalamu, na mwaka 2015 ule ulazima ukaondolewa. Angalia basi: swali la "mvua ni ya Mungu" halikuanzia Kigoma.

Mtaro ulio mbele ya nyumba yangu ni wa nani hasa?

Hapa panahitaji subira.

Mtaro wa pembeni ya barabara kuu au ya mkoa ni wa TANROADS, wakala wa barabara wa Taifa. Barabara za mitaani na mitaro yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo tangu 2021 inapata Sh 100 kwa kila lita ya mafuta tunayonunua. Kalavati lililo chini ya reli ni la shirika la reli. Maji taka na bomba la maji safi ni la mamlaka ya maji. Mto na ziwa vinaangaliwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi zake ziko hapahapa mjini. Taka zilizoziba mtaro ni za Manispaa, kwa maana ya kuzizoa. Kwa maana ya kuzitupa ni zetu sisi. Uchochoro uliochimbwa na maji yenyewe hauna mwenyewe, na huo ndio unaobomoa nyumba.

Maji hayajui mipaka hiyo. Yanatoka kwenye bati langu, yanapita uchochoro usio na mwenyewe, yanaingia mtaro wa TARURA, yanavuka chini ya barabara ya TANROADS, yanapita chini ya reli na kuingia ziwani. Kituo kimoja kikiziba, vyote vimeziba.

Ndiyo maana ada ya maji ya mvua ikipendekezwa, swali la kwanza liwe ni nani atakayeishika hela na mtaro upi hasa atauzibua. Manispaa ikikusanya na mtaro ukabaki wa TARURA, inatakiwa makubaliano ya maandishi kati yao. Bila hivyo utalipa, mtaro utaziba, utapiga simu, utaambiwa "hilo si letu", na risiti unayo mkononi.

Nina kiwanja kipya mlimani. Kwa nini nilipie kalavati la bondeni?

Kwa sababu kabla hujajenga, kalavati lile lilitosha.

Hoja hii ina mipaka lakini, na inafaa kuijua. Marekani kesi mbili zinatajwa sana. Florence Dolan alikuwa na duka la vifaa vya mabomba na umeme kule Tigard, Oregon. Alipotaka kulipanua, mji ukamwambia atoe kipande cha ardhi kando ya kijito kwa ajili ya maji ya mvua, na kingine kwa njia ya baiskeli. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 1994 kwamba mji uonyeshe anachodaiwa kinalingana kwa kiasi na madhara ya jengo lake. Mwaka 2024 ikafuata kesi ya George Sheetz, aliyetozwa dola 23,420 za barabara ili apate kibali cha kuweka nyumba yake. Mahakama ikasema hata ada iliyopitishwa na baraza kwa watu wote haikwepi kipimo hicho.

Sheria ya Marekani haitubani. Kipimo chenyewe ni cha akili ya kawaida: nilipie maji niliyoyaongeza mimi, nisibebeshwe uzembe wa miaka 40 wa mji mzima.

Kwetu tunao mfano wa viwanja 20,000 vya Dar es Salaam, mradi ulioanza mwaka 2002. Mnunuzi wa kiwanja alirudisha gharama za fidia na upimaji ndani ya bei, na hela ikazungushwa kupima vingine. Iliwezekana. Ila bei iliwaacha nje watu wa kipato kidogo. Anayepanga ada za viwanja vipya Kigoma asijifanye hakuliona hilo.

Nakaa eneo lisilopimwa. Hayo yote yananihusu?

Kibali kinahitaji uthibitisho wa umiliki, kwa hiyo urasimishaji wa makazi unakuja kwanza. Maji hayakungoji urasimishwe. Kwa maoni yangu eneo ambalo halijafikiwa na mtaro hata mmoja lisitozwe ada ya mtaro mpaka ufike.

Nikiweka simtanki na kuvuna maji, nipunguziwe?

Inapaswa. Miji kadhaa yenye ada hii hutoa punguzo kwa anayezuia maji kwake. Usijidanganye tu na ukubwa wa tangi: la lita 2,000 kwenye ile nyumba ya lita 4,800 limejaa kabla mvua haijafika nusu, na kama jana lilikuwa limejaa, leo halizuii hata tone. Shimo la kuzamishia maji ardhini, lenye kokoto, linafaa zaidi, ila lisiwe kwenye kingo ya mteremko wa mchanga. Ukilichimba hapo unatengeneza korongo lako mwenyewe.

Misikiti, makanisa na shule?

Paa la nyumba ya ibada linamwaga maji kama la baa. Kodi wanaweza kusamehewa. Ada ya huduma ni jambo jingine, ingawa diwani atakayesimama kulisema hilo Ijumaa au Jumapili namtakia kila la heri.

Hela itakwenda kwenye mitaro kweli?

Swali la mtu mzima.

Kwanza, usilipe taslimu kwa mtu yeyote, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Lipa kwa control namba, benki au kwenye simu. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zimerudia mara nyingi habari ya fedha zilizokusanywa kwenye halmashauri bila kufika benki, kwa hiyo tahadhari hii si ya mtu mwenye wasiwasi kupita kiasi.

Pili, uliza kama ada itawekwa kwenye mapato lindwa, yaani hela iliyofungiwa kazi yake maalumu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu nyingine hupelekwa kwenye miradi ya maendeleo. Hesabu hiyo hufanywa baada ya kuondoa mapato lindwa. Ada ya mtaro isipolindwa itachanganywa na mengine, na mwisho wa mwaka hakuna atakayejua ilizibua nini. Mikopo ya akina mama ni jambo zuri. Ina vyanzo vyake.

Tatu, idai orodha ya mitaro, kwa jina la mtaa na kwa mita, kabla ya kulipa. "Kuboresha miundombinu" si orodha.

Nani anaamua, na mimi naingilia wapi?

Ada za halmashauri huwekwa kwa sheria ndogo. Wataalamu wanaandaa rasimu, wananchi wanatangaziwa ili watoe maoni au pingamizi, Baraza la Madiwani linapitisha, inapanda ngazi ya mkoa hadi kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na ikikubaliwa inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo mazungumzo yenye maana hufanyika miezi mingi kabla.

Kasoro ipo kwenye kile kipengele cha kutangaziwa. Tangazo linabandikwa kwenye ubao, jua linalipausha, muda unakwisha. Mamlaka ya maji ikitaka kubadili bei, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha taftishi: wataalamu wanakaa mbele, wanaulizwa maswali, wanajibu hadharani. Ada za ujenzi hazina jukwaa kama hilo. Sioni kinachoizuia halmashauri kuliiga, na mkutano wa mtaa ungefaa kabisa.

Niliomba kibali kabla ada hazijabadilika. Nitaongezewa?

Hifadhi risiti yenye tarehe na nakala ya maombi. Sheria ndogo inaanza kutumika ilipoanza, hairudi nyuma kudai maombi yaliyokwisha kulipiwa.

Ukuta wangu umeshaandikwa X nyekundu.

Usiendelee kujenga, na usimpe kishoka hela akufutie. Nenda na nyaraka zako ofisini mchana, mtendaji wa mtaa akijua.

Ziwa lenyewe limepanda hadi kwenye nyumba. Ada ya mitaro itatusaidia?

Haitasaidia, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya.

Miaka hii tumeona Tanganyika likila fukwe na nyumba, kwetu na kwa majirani zetu Burundi. Maji ya ziwa hili hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, ulioko Kongo karibu na Kalemie. Mvua ikizidi kwenye bonde zima kwa miaka mfululizo, ziwa linapanda, na mtaro wa Kibirizi hauna la kufanya. Kinyume chake, ziwa likipanda linaingia kwenye midomo ya mitaro na kuyarudisha nyuma maji yanayoshuka.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Watu wengi waliiona mita 60 kama ugomvi wa NEMC, baraza la mazingira la Taifa, na wenye hoteli. Maji yalipofika, ikaeleweka.

Jirani wa juu anayaelekeza maji kwangu. Hiyo nayo ina ada?

Bado. Yalinikuta mwenyewe. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, alimwaga zege uwanja wote ili wageni wa harusi ya binti yake wasikanyage tope. Harusi ilipendeza. Mvua ya kwanza baada ya hapo ikapita jikoni kwangu, ikachukua sufuria mbili na kandambili za mtoto.

Nilikwenda kwake jioni, nikaamkia, nikanywa chai kwanza. Kisha nikamwomba tutoke nje na futi kamba. Tulipima: zege lake mita za mraba 90, bati 130, bati langu 110. Tukakubaliana gharama ya bomba la kupitisha maji hadi mtaro wa barabarani igawanywe kwa vipimo hivyo: yeye 220, mimi 110. Akanunua mabomba mawili, mimi moja. Kipande cha kukatiza njia kinahitaji kalavati, na njia si yetu. Barua tumeandika, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Tunangoja.